Karatasi inasema wiki 8 na kifuko kitupu, nimeambiwa nikasafishwe Alhamisi

Mama Idrisa (Tanga), 4 Machi, saa 5 usiku

Assalaam alaykum, na habari zenu wote. Naandika baada ya futari, mtoto amelala, na hapa nyumbani sina mtu mzima wa kumuuliza. Mume wangu ni dereva wa lori la Dar kwenda Lubumbashi. Sasa hivi yuko foleni mpakani Kasumbalesa, simu yake inashika mara moja kwa siku.

Nina miaka 31 na mtoto mmoja wa kiume, ana miaka 4. Nilikuwa nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3, nikaacha Juni mwaka jana kwa sababu tulitaka mtoto wa pili. Hedhi ilirudi Oktoba lakini haina mpangilio, mara siku 33, mara 41. Ya mwisho niliiona 4 Januari. Tarehe 8 Februari nikapima mkojo, mstari mmoja. Nikanyamaza. Tarehe 20 nikarudia, mistari miwili, wa pili umekolea kabisa. Nililia chooni kwa furaha.

Jumamosi usiku niliona uchafu wa rangi ya kahawia kwenye nguo ya ndani, kidogo tu. Jana Jumatatu nikaenda kituo kimoja binafsi hapa mjini kupiga altrasaundi. Dada wa mapokezi akaniambia ninywe maji lita nzima nisubiri kibofu kijae. Nikamwambia nimefunga. Akasema basi ingia hivyo hivyo. Nikapimwa kwa juu ya tumbo, hata dakika 5 hazikufika. Kijana aliyenipima hakusema neno, na skrini alikuwa ameigeuzia kwake.

Karatasi ni ya Kiingereza, mdogo wangu anayesoma ualimu amenitafsiria. Wiki 8 na siku 2 kwa hesabu ya hedhi. Kifuko cha mimba kipo ndani ya kizazi, mm 22 kwa 17 kwa 12. Kifuko cha kiini hakionekani. Mtoto haonekani. Pembeni kuna damu imejikusanya, mm 14 kwa 5. Kizazi kimelalia nyuma. Mstari wa mwisho: mimba imeharibika, kifuko kitupu, asafishwe.

Daktari alisoma ule mstari wa mwisho tu. Akanipa tarehe, Alhamisi asubuhi, nije na shilingi 150,000 na mtu wa kunisindikiza. Lakini kichefuchefu bado ninacho, matiti yanauma, tumbo haliniumi. Naombeni mnisaidie kuelewa hii karatasi. Hiyo damu ya pembeni ni nini? Na kizazi kulala nyuma ni ugonjwa? Na je, kuna mtu alishaambiwa hivi, kisha ikawa sivyo?

Shangazi Nuru, 4 Machi

Pole sana mwanangu. Mungu akupe subira. Mimi ninavyojua, mimba ikishafia tumboni inaoza na inampa mama sumu. Dada yangu alichelewa, alilazwa wiki mbili. Nenda Alhamisi kasafishwe, upumzike miezi mitatu, utapata mwingine inshallah.

Mtu wa Skrini, 5 Machi, alfajiri

Dada, pole. Nimekaa chumba cha altrasaundi katika hospitali ya wilaya huku nyanda za juu kusini, mwaka wa 19 huu. Picha yako sijaiona, nimesoma maneno tu, kwa hiyo nichukulie kama mtu anayekusaidia kusoma, si mtu aliyekupima. Ila hayo maneno yamenitoa kitandani, kwa sababu mstari wa mwisho haukubaliani na mistari ya juu yake.

Anza na zile namba tatu. Kifuko hupimwa urefu, upana na kina, halafu tunajumlisha na kugawa kwa tatu. 22 na 17 na 12 ni 51. Gawa kwa 3, unapata 17. Hiyo 17 ndiyo saizi ya kifuko chako. Watu wengi, hata wenzetu wa kazi, hushika ile 22 kwa kuwa imeandikwa mwanzo.

Sasa 17 inasema nini? Kifuko hakihesabiwi kuwa kimeharibika kwa sababu tu ni kitupu, mpaka wastani wake ufike mm 25 bila mtoto ndani. Mtoto akionekana bila mapigo ya moyo, hatusemi amekufa mpaka urefu wake ufike mm 7. Na vipimo hivyo viwe vimechukuliwa kupitia ukeni. Kifuko cha mm 16 hadi 24 bila mtoto tunakiandika kwamba kinatia shaka na kipimo kirudiwe. Basi. Hakuna neno "asafishwe" hapo.

Nilipoanza kazi tulikuwa tunatumia 20, na 6 kwa mtoto. Uingereza walizipandisha mwaka 2011 kuwa 25 na 7, na Oktoba 2012 wataalamu wa Marekani walikaa wakafikia namba hizohizo, zikachapishwa 2013. Sababu yake nawaeleza vijana kila wanapokuja mafunzoni: watu wawili wakipima kifuko kimoja wanapata namba mbili tofauti, na kwenye mimba changa tofauti ya mm 2 au 3 inaweza kumfanya mtu amwondoe mtoto aliye hai. Mama akisubiri wiki mbili, akikosea amepoteza wiki mbili. Akiharakisha, akikosea amepoteza mtoto. Vitu hivi viwili havilingani kabisa.

Halafu angalia ulivyopimwa. Juu ya tumbo, kibofu kitupu, kizazi kimelalia nyuma. Kibofu kilichojaa maji ndilo dirisha letu, mawimbi ya sauti yanapita vizuri kwenye maji. Kizazi kikilala nyuma, ile sehemu yenye mimba inakaa mbali na kifaa. Si ugonjwa, wanawake wengi wameumbwa hivyo, na mimba ikikua kizazi huinuka chenyewe. Lakini siku ya kupima mimba changa kwa juu, kinatuficha mambo. Kupitia ukeni, kifuko huanza kuonekana karibu na wiki ya 5, kile kipete cheupe cha kifuko cha kiini, kinachomlisha mtoto mwanzoni, kama wiki 5 na nusu, mtoto na mapigo yake kuanzia wiki ya 6. Kwa juu ya tumbo, vyote hivyo huchelewa kama wiki moja.

Na hizo wiki 8 na siku 2 mashine haijaziona popote. Sisi ndio tunaiingizia tarehe ya hedhi, nayo inahesabu kana kwamba kila mwanamke yai lake linapevuka siku ya 14. Wewe mizunguko yako ni siku 33, siku 41. Na 8 Februari mkojo wako ulikuwa hauna kitu, wakati kwa hesabu ya mashine ulikuwa tayari wiki 5. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu aulize mara mbili.

Damu ya pembeni: imejikusanya kati ya kifuko na ukuta wa kizazi. Tunaiona mara nyingi sana. Yako ni ndogo. Nyingi hunyonywa na mwili, nyingine hutoka kidogo kidogo ikiwa ya kahawia, na huenda ndiyo uliyoiona Jumamosi. Utaambiwa ulale kitandani mchana kutwa. Haijathibitika kwamba inazuia mimba kutoka. Acha tu kubeba ndoo.

Shangazi Nuru, nakuelewa, na dada yako pole. Lakini mimba iliyosimama haimwozeshi mama ndani ya wiki mbili. Hatari ni akipata homa, uchafu wenye harufu, au damu ya kulowesha pedi mbili kwa saa moja. Hapo haendi kwenye tarehe yake, anakwenda saa hiyohiyo.

Dada, ningekuwa kaka yako ningekuambia hivi: omba kipimo kirudiwe kupitia ukeni. Kwa kuwa kifuko cha kiini hakikuonekana, siku za kusubiri ni 14 tangu kipimo cha kwanza, yaani 17 Machi. Kingeonekana, zingetosha 11. Siku hiyo kibofu kiwe kitupu. Kile kifaa ni chembamba, kinavalishwa kondomu mpya, hakigusi mimba na hakiitoi.

Sikuambii mtoto yupo. Nimemwona mama akirudi baada ya siku 14 mapigo yanacheza, na nimemwona mwingine akirudi na kifuko kilekile kitupu. Siku ya kwanza picha zao zilifanana.

Mkunga Mstaafu, 5 Machi

Mwanangu, mwenzangu wa skrini amemaliza mengi, mimi nina mawili.

La kwanza ni la usalama wako. Kifuko ambacho ndani yake hakijaonekana kifuko cha kiini wala mtoto, bado hakijatuhakikishia kwamba mimba imekaa mahali pake. Kuna wakati maji au damu ndani ya kizazi hujifanya kifuko, kumbe mimba yenyewe imetunga kwenye mrija. Si jambo la kila siku, na sisemi ndilo lako. Lakini katika siku hizi za kusubiri, ukisikia maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au bega linauma bila sababu, usisubiri 17, usimsubiri mume, usisubiri hata futari. Piga bodaboda uende hospitali kubwa. Nilimpoteza mama mmoja kwa hilo miaka ya nyuma, alisema ni gesi. Ukipata daktari wa kukusikiliza, mwombe pia kipimo cha damu cha homoni ya mimba, kichukuliwe mara mbili kwa tofauti ya saa 48. Namba moja peke yake haisemi jambo.

Na funga. Mjamzito ana ruhusa, utalipa baadaye. Kula na unywe maji.

La pili, niwie radhi kwa kuuliza mbele za watu. Umesema mume ni dereva wa masafa. Aliondoka lini, akarudi lini?

Mama Idrisa (Tanga), 5 Machi

Mama, umenifanya nikae kitako. Aliondoka 28 Desemba. Alirudi 27 Januari alfajiri, nakumbuka kwa sababu aliniletea vitenge vya Kongo na niliwahi kumpelekea fundi kesho yake. Akaondoka tena 19 Februari, siku moja kabla sijapima.

Hakuna mtu aliyeniuliza hili. Wala mimi mwenyewe sikulifikiria, niliona wameshika tarehe ya hedhi nikajua ndiyo hesabu.

Mtu wa Skrini, 5 Machi

Mama mkunga, nakupa heshima yako.

Tuhesabu pamoja. Mimba yako haiwezi kuwa ilitunga kabla ya 27 Januari. Wiki za mimba huhesabiwa kuanzia siku 14 kabla ya kutunga, kwa hiyo mwanzo wako hauwezi kuwa kabla ya 13 Januari. Kutoka 13 Januari hadi Jumatatu uliyopimwa ni siku 49. Wiki 7 kamili, tena hizo ni za juu kabisa. Inaweza kuwa 6 na siku kadhaa. Kifuko cha mm 17 katika umri huo hakishangazi, na mtoto wa mm 5 au 6 kwa juu ya tumbo, kibofu kitupu, kizazi kimelala nyuma, hata mimi na miaka yangu 19 naweza nisimwone.

Nenda na tarehe hizo mbili zimeandikwa kwenye karatasi. Wasikuhesabie tena kwa 4 Januari bila kukuuliza.

Binti Kilifi, 6 Machi

Mie nimesoma yote nikajizuia, nikaona nisiseme kitu cha kukutia hofu. Lakini uliuliza kama kuna aliyeambiwa hivi, nami ni mmoja wao, basi wacha niseme ukweli wangu.

Mwaka juzi nilipigwa skani nikaambiwa kifuko ni 19, hakuna mtoto. Daktari wangu alikataa kunisafisha siku ile, akasema nirudi baada ya wiki mbili. Nilikasirika naye, niliona ananitesa. Zile siku 14 nilikuwa nikiamka saa 9 usiku nashika matiti kuona kama bado yauma. Niliporudi nikapimwa kwa ndani, kifuko kimefika 27, kitupu vilevile. Daktari akaigeuza skrini nikaona mwenyewe, weusi mtupu kama kisima. Akamwita mwenziwe naye akaangalia. Nikapewa nafasi ya kuchagua: kusubiri itoke yenyewe, kupewa vidonge, au kufyonzwa kwa bomba la mkono. Nilichagua bomba, ilikuwa muda mfupi, nikarudi nyumbani jioni. Waliniuliza kundi la damu kwanza, nawe ujue lako.

Ninachotaka ujue ni kimoja. Nilizika tumaini langu, lakini sikubaki na swali. Nina jirani aliyesafishwa siku ileile ya kipimo cha kwanza, na mpaka leo hukaa barazani akaniuliza mie, "Wewe waona ule ulikuwa mzima?" Sina jibu la kumpa.

Omba siku zako 14. Vyovyote itakavyokuwa, niandikie.

Mama Idrisa (Tanga), 6 Machi, jioni

Nimerudi. Nilienda leo, lakini sikuenda kusafishwa. Nilimpa daktari karatasi yenye tarehe za mume wangu na nikamwonyesha 22 na 17 na 12 zikigawanywa kwa tatu. Mwanzo alichukia, akasema mitandao inaua watu. Kisha akachukua karatasi yake mwenyewe akaisoma tena kuanzia juu, kimya, akaniambia, "Sawa, rudia kipimo." Namshukuru kwa hilo.

Nimepata hospitali nyingine yenye kifaa cha ukeni, wanapima Jumatatu tu, na Jumatatu hii wamejaa. Nimepangiwa 17. Nimeacha kufunga. Mume wangu nimemweleza, akanyamaza sana, akasema kama ningepata simu yake siku ile angeniambia nifanye alivyosema daktari, kwa kuniogopea.

Binti Kilifi, Mungu akulipe. Nimelia kwa ajili yako.

Mama Idrisa (Tanga), 17 Machi, saa 8 mchana

Siku zilikwenda polepole mno. Tarehe 11 damu ya kahawia ilitoka tena, nikakaa na pochi mlangoni usiku kucha nikiwaza zile dalili za mama mkunga. Haikuongezeka, maumivu hayakuja.

Leo alinipima mama wa makamo. Aliniuliza kabla hata sijalala: mzunguko wako ni wa siku ngapi, mume alikuwepo lini. Akaniambia atakuwa anasema kila anachokiona, kizuri au kibaya, nisiogope akinyamaza kidogo. Akaingiza kile kifaa, akanyamaza kidogo, mimi nikafumba macho. Kisha akasema, "Fumbua, mama Idrisa."

Yupo. Mm 20. Kuna kitu kinapepesa katikati yake kama mwanga wa redio. Akanisikilizisha na kunionyesha namba, 171 kwa dakika. Kifuko cha kiini nacho kipo, kile kipete alichosema kaka wa skrini. Damu ya pembeni imebaki ufito tu. Ameandika wiki 8 na siku 4, leo, na kujifungua mwishoni mwa Oktoba. Nikamwonyesha karatasi ya kwanza. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia, akasema niihifadhi pamoja na kadi ya kliniki ili kila atakayenipima ajue tarehe sahihi ni ipi.

Akaniambia pia kwamba bado ni mapema, nirudi wiki ya 12, na damu nyekundu ikitoka nisikae nayo. Nimemsikia.

Binti Kilifi, nilisita kuandika hapa kwa sababu yako. Kisha nikaona uliniomba niandike vyovyote itakavyokuwa. Nimekuombea jina lako nisilolijua.

Mume wangu yuko Tunduma, anarudi. Nilimpigia nikiwa bado kwenye benchi la nje. Akaniomba nimsomee namba zote moja baada ya nyingine, polepole, naye akaziandika nyuma ya risiti ya mizani.